Mkono wa Ishbel Juu ya Kombaini

Ishbel Riddoch alikuwa ametengeneza mashine za shamba kwa miaka thelathini na minne. Katika miaka hiyo jeki lilishamwangukia, trekta lilishamburuta uwanja mzima, na mbwa wa wateja watatu walishamng'ata, mmoja akiwa mbwa wa mchungaji wa kanisa. Hayo yote hayakumtisha. Kilichomtisha ni bahasha.

Ile ya benki ilikuja katikati ya Julai, nyeupe, nyembamba, na jina lake limepigwa chapa vizuri kama jina kwenye kaburi. Ilimpa miezi miwili alipe deni lote la paa, la sivyo nyumba itauzwa. Paa lilikuwa la gereji. Theluji ililibomoa miaka mitano nyuma, naye akakopa, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi aliweka rehani kila alichokuwa nacho: nyumba, gereji na kile kiwanja cha matope katikati. Rehani ikaandikwa kwenye daftari kuu kule Edinburgh. Uzuri wa rehani ya nyumba, kwa yule aliyekopesha, ni kwamba hana haja ya kuja kukaa ndani. Anakuacha ulale kitandani mwako, upike viazi vyako, ugombane na mama yako. Yeye jina lake liko daftarini, limetulia kama paka mbele ya tundu la panya.

Mwisho wa Agosti zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Ishbel alikuwa na njia moja tu ya kutoka, nayo ilikuwa imesimama gerejini, nyekundu, ndefu kuliko kanisa lao: kombaini, mashine ya kuvunia shayiri, ya mkulima Erchie Gauld. Ilikuja ikiwa imevunjika gia boksi. Ishbel aliifungua yote, akaagiza vipuri Ujerumani kwa pesa yake mwenyewe, akaifunga, ikanguruma. Gharama ilikuwa pauni elfu kumi na moja na mia nne. Deni la benki lilikuwa elfu kumi na moja na kidogo. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu aliyefukuzwa shule: Gauld akilipa, nyumba inabaki. Gauld asipolipa, mama yake Ishbel, Bibi Teenie, mwenye miaka themanini na sita na kitanda chake pale dirishani, anahamishwa.

Gauld alisema atalipa akivuna. Ishbel akasema vizuri, basi kombaini itakaa hapa mpaka ulipe.

Hiyo ndiyo haki ya fundi katika nchi ile, ya zamani kuliko benki zote. Ukitengeneza kitu cha mtu unaweza kukizuia mpaka ulipwe, na hata mwenye kitu akifilisika, wadai wake wote watapanga foleni nyuma yako. Huandiki popote wala husajili popote. Unakishika tu. Na ubaya wake uko hapo hapo: daftari lako ni mkono wako. Ukikiachia, umefuta.

Ishbel alilijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Baba yake alikuwa fundi hapo hapo, na mwaka mmoja wa mvua alizuia trekta la jirani. Sasa, watu wa upande ule wa Aberdeen ni wagumu. Jirani atakunyima chumvi, atakunyima salamu, atakunyima binti. Ila siku kavu ya mavuno hakunyimi mashine. Anyimaye siku hiyo hata mbwa wake hupitwa bila kusemeshwa. Siku ikawa kavu, jirani akaja na kofia mkononi, baba akafungua mlango. Trekta lilitoka asubuhi. Kufika saa kumi jioni, jirani alishatangazwa mufilisi, trekta likachukuliwa shambani kwake pamoja na kila kitu, na baba akaambiwa apange foleni na wenzake. Alipata peni nne kwa kila pauni aliyodai. Nyumba ya kwanza, ile ya kando ya kijito, ikaenda. Ishbel alikuwa na miaka tisa. Alikumbuka mama yake akitembea barabarani na saa ya ukutani imefungwa kwenye blanketi, kama mtoto mgonjwa.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ishbel aliona unyasi kila mahali.

Mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo. Shayiri ikasimama mashambani imelowa, inaanza kuota ikiwa bado kwenye suke. Ishbel, Mungu amsamehe, aliipenda ile mvua. Maadamu inanyesha, hakuna atakayekuja na kofia mkononi.

Jumanne jua likatoka. Saa moja asubuhi Gauld alikuwa uwanjani, mzee wa miaka sitini na tatu, mwekundu, ana tumbo la mtu tajiri na viatu vya mtu maskini.

"Ishbel wee! Umeliona jua, au nalo umelifungia gerejini?"

"Nimeliona."

"Basi lete ufunguo."

"Lete pesa."

"Pesa iko shambani, imesimama wima, ina masuke. Unataka niivune kwa meno?"

"Meno yenyewe unayo mangapi, Erchie?"

"Nisikilize, dada." Alishusha sauti, na hapo ndipo Ishbel alipoanza kuogopa kweli, kwa sababu Gauld hakuwa mtu wa kushusha sauti. "Siku mbili. Nivune, niuze, nikulipe. Kesho kutwa mvua inarudi. Shayiri ikiozea pale, mimi sina kitu, na wewe huna kitu. Baba yako angenipa."

"Baba yangu alimpa mtu," alisema Ishbel, "ndiyo maana nilikulia kwenye chumba cha shangazi juu ya duka la samaki."

Aliingia ndani. Simu ilikuwa inalia. Mwenye duka alitaka kujua kama ni kweli anamzuilia Erchie mashine siku kavu. Akakata, ikalia tena, mke wa mchungaji. Ikalia mara ya tatu. Bibi Teenie alikuwa ameketi kitandani na chai yake, anatazama nje.

"Watakususia," alisema.

"Najua, mama."

"Waliacha kumwita baba yako 'mjinga' alipozikwa. Wewe watakuita 'mchoyo' hata kwenye jeneza. Chagua lako."

Ishbel alimpigia wakili wake, Bwana Pirie wa Turriff, mtu mkavu kama biskuti ya nafaka.

"Bwana Pirie, nikimpa siku mbili tu?"

"Ukimpa saa mbili, umempa jumla."

"Si atairudisha?"

"Akiirudisha utakuwa umerudishiwa kombaini. Haki haitarudi nayo. Tena nimesikia habari za kampuni yake. Benki yake ina ile rehani inayoelea, unaijua? Inaelea juu ya kila kitu cha kampuni kama ukungu juu ya shamba. Ng'ombe wanauzwa, matrekta yanauzwa, haigusi kitu. Halafu siku moja ukungu unashuka, na kila ulichokigusa ni cha benki."

Ishbel alitazama mlango wa gereji kupitia dirishani.

"Na nikimvunia mwenyewe?" aliuliza. "Niendeshe mimi, jioni nirudi nayo?"

Pirie alisikika akifunua karatasi.

"Mwandikishe kwanza kwamba mashine inabaki mkononi mwako mpaka alipe. Kisha ufunguo wako, makalio yako kwenye kiti, jioni imelala kwako. Hapo nadhani bado umeishika. Lakini Ishbel, sikia. Usimwachie usukani hata kwa kwenda chooni."

"Hiyo ndiyo sheria?"

"Hapana. Hiyo ni miaka arobaini ya kumjua Erchie Gauld."

Maneno hayo Ishbel aliyaandika juu ya kifuniko cha trei ya mayai, na Gauld akasaini bila kusoma. Wepesi wake wa kusaini haukumpendeza Ishbel. Mtu asiyesoma anachosaini ama ni mpumbavu ama ana mpango mwingine, na Gauld aliuza ng'ombe miaka arobaini. Mpumbavu hauzi ng'ombe miaka arobaini.

Basi wakaenda. Maili tatu za barabara nyembamba, Ishbel juu kabisa ndani ya kibanda cha kioo, Gauld mbele na gari lake bovu akifagia njia. Ishbel alikuwa hajanywa chai tangu alfajiri. Kwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, hiyo ndiyo ilikuwa ngome ya kwanza ya ulinzi.

Shamba lilikuwa ekari arobaini za mteremko. Alishusha meno ya mbele, akaingia. Mtu mwingine angefurahi: injini aliyoifunga kwa mikono yake ilikuwa inaimba, shayiri inaingia ya dhahabu upande huu na kutoka makapi upande ule. Ishbel hakuona dhahabu. Kila alipofika mwisho wa mstari na kugeuza, Gauld alikuwa pale, amesimama karibu na ngazi, anatabasamu.

"Shuka unyooshe miguu!"

"Imenyooka!"

Mstari mwingine. "Mke wangu kaleta supu!"

"Mpe pole!"

Mstari mwingine. "Chai, basi! Nakupandishia!"

"Kaa nayo huko huko!"

Saa nane mchana mashine ikakwama. Majani mabichi yalijisokota mbele, mkanda ukalia, Ishbel akazima haraka. Kila mtu wa kule anajua kazi hii ni ya watu wawili: mmoja kitini azungushe rola ya mbele kinyumenyume kidogo kidogo, mwingine chini avute majani kwa mikono, katikati ya visu. Na kila mtu anajua anayeshuka ni fundi.

Gauld alishaweka mguu kwenye ngazi. "Haya, shuka. Mimi nazungusha, wewe unavuta. Wewe ndiye unajua mahali palipokwama."

"Vuta wewe."

"Mimi?"

"Shamba lako, shayiri yako, mikono yako."

"Na wewe ukikosea ukawasha?"

Walitazamana. Ishbel aliuona uso wake vizuri kwa mara ya kwanza siku ile, na alichokiona hakikuwa ujanja. Ilikuwa hofu, ile ile aliyoiona kila asubuhi kwenye kioo chake cha bafuni. Akachomoa ufunguo, akautoa dirishani, akauning'iniza hewani ili auone.

"Nimezima. Tazama. Mradi unauona hapa nje, mikono yako ni salama. Nikitaka kuzungusha nitakuita kwanza na wewe utasogea."

Mzee akapiga magoti mbele ya visu, akaingiza mikono mpaka mabegani. Alivuta robo saa nzima. Mkono wa Ishbel ulikufa ganzi dirishani, na hakuthubutu kuubadilisha, kwa sababu ya mikono ile ya chini na kwa sababu ya ufunguo ule. Akawaza, huyu anaweza kukatwa vidole vyote kumi kwa kosa langu, na bado ananiamini, nami simwamini hata akikanyaga ngazi tu. Aliona haya. Lakini hakushuka.

Saa kumi na moja ulibaki mstari mmoja. Ndipo alipoliona lile gari la kijivu, safi mno kwa barabara zile, limeegeshwa getini. Ndani yake mtu mmoja, hasomi ramani, hapigi simu. Anangoja tu.

Ishbel alimaliza mstari taratibu, kama mtu anayetafuna tonge la mwisho akijua bili inakuja.

Sasa kuna jambo la desturi. Kule, masuke ya mwisho huitwa klayak, na aliyeyakata hushuka, husimama juu ya mabua pamoja na mwenye shamba, na wote wawili hunywa wiski kwenye glasi moja. Asiyeshuka anaomba balaa juu ya shamba. Hilo watu walilifanya walipokata kwa mundu, wakalifanya kwa farasi, na wanalifanya kwa mashine zenye redio. Ishbel mwenyewe hakuwahi kulikataa hata mara moja.

Gauld alikuja na glasi. Aliharakisha hata wiski ikamwagikia mabua.

"Klayak, Ishbel. Shuka."

Alimtazama, akalitazama gari la kijivu, mlango wake ukifunguka. Majirani wawili walikuwa kwenye ukuta wa mpaka wa shamba wanaangalia. Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema, na siku ile wote walikuwa wanangoja kwa bidii.

"Yule ni nani, Erchie?"

"Shuka kwanza tunywe."

"Ni nani?"

Mzee akageuka kulitazama gari. "Mfilisi, mtu wa kukamata mali ya kampuni kwa niaba ya benki. Benki imeshusha rehani yake saa sita leo. Kampuni si yangu tena." Akaishusha glasi. "Niliidhamini kampuni kwa nyumba yangu, dada. Benki wameniambia wakizikuta mashine zote kwangu, bila mtu kuzishika, huenda zikatosha, nyumba wasiiguse. Kombaini ndiyo kubwa kuliko zote. Mke wangu bado hajui."

Kwa hiyo ndiyo hivi, aliwaza Ishbel. Nyumba mbili na kombaini moja. Miguu yake, kwa akili yake yenyewe, ilishaanza kuitafuta ngazi. Miaka hamsini na sita ya desturi ilikuwa inaivuta. Aliona kisogo cha baba yake akifungua mlango wa gereji. Aliona saa ya ukutani kwenye blanketi.

"Nipandishie glasi," alisema.

"Hainywewi juu."

"Leo itanywewa. Nipe, Erchie, kabla hujaimwaga yote."

Aliipokea dirishani kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye ufunguo, akanywa nusu, akamrudishia. Ilimchoma mpaka tumboni palipo patupu. Mmoja wa majirani ukutani alitema mate.

Yule wa gari la kijivu alifika akiwa amepandisha suruali asiichafue. Jina lake Tulloch, kijana, mpole kama daktari wa meno.

"Mama, habari za jioni. Mashine hii ni ya kampuni, na kampuni iko mikononi mwangu tangu saa sita."

"Kampuni iko mikononi mwako," alisema Ishbel. Sauti yake ilitoka nyembamba, haikuwa yake. "Mashine iko mikononi mwangu. Tazama."

"Uko kwenye shamba la kampuni."

"Nimekaa kwenye kiti. Bado sijalipwa, na sijaiachia tangu Julai. Yeye mwenyewe kasaini." Akainua kifuniko cha trei ya mayai kwenye kioo.

Tulloch alikisoma kwa makini, hata yale maandishi ya daraja la mayai. Kisha akasimama mbele ya meno ya kombaini, ndani ya viatu vyake vya mjini, akapiga simu. Ishbel hakusikia kitu kwa kelele za injini. Aliona tu midomo. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika mia na kumi. Akifungua mlango ule, akiniomba tu kwa upole nishuke tuzungumze, nitashuka, aliwaza. Mimi ni mtu wa kushuka. Mungu wangu, asiniombe.

Tulloch alimaliza, akatazama juu, akasogea pembeni.

Maili tatu za kurudi zilichukua dakika arobaini. Msafara wa magari nyuma, honi, na katika kila kona Ishbel akitegemea kukuta polisi, au Tulloch, au Gauld amelala katikati ya barabara. Alipoingia gerejini alifunga mlango, akaweka kufuli. Kisha akakimbia chooni, maana sheria ina mipaka yake.

"Ulishuka?" aliuliza Bibi Teenie kutoka dirishani.

"Sikushuka."

"Na klayak?"

"Nilinywea juu."

"Baba yako angekuonea haya," alisema mama yake. "Halafu angelala usingizi."

Siku tisa alikaa na ile mashine kama anayelinda maiti. Kila gari lililopita lilimsimamisha. Dukani alihudumiwa bila neno. Mikate yake ilisukumwa mezani kama ya mwenye ukoma. Siku ya kumi Tulloch alikuja na dalali wa mnada. Alihitaji kuiuza, na hawezi kuuza kilicho mkononi mwa mwingine. Pesa iliingia yote, elfu kumi na moja na mia nne, Ishbel akapiga simu benki mara mbili kuhakikisha. Kisha akanyoosha mkono kutoa ufunguo, na vidole vikagoma. Tulloch alivifungua kimoja kimoja, polepole, bila kucheka.

Nyumba ya Gauld iliuzwa Novemba. Ishbel hakwenda kuangalia. Alisikia walihamia kwa binti yao Inverurie.

Wiki hiyo hiyo ilikuja bahasha ya benki, nyeupe, nyembamba. Ishbel aliiweka chini ya saa ya ukutani, akaipita siku mbili akitembea kando ya ukuta wa pili. Alijua alilipa. Risiti ilikuwa mfukoni. Aliipita hivyo hivyo.

"Fungua," alisema Bibi Teenie siku ya tatu.

"Fungua wewe."

Bibi kizee aliipasua kwa kisu cha siagi, akavaa miwani, akasoma akisogeza kidole. Rehani imefutwa daftarini, nyumba haina deni.

Ishbel alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake umeshika mwimo kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Soma tena," alisema.